Lugha Aliyojifunza Shangazi Zuhura

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa saluni nikingoja rangi ya kufunika mvi ikolee, na harufu iliyotoka kwenye bakuli la msusi ikanipanda puani hata machozi yakanitoka. Msusi akaniomba radhi, akafungua dirisha. Sikumwambia kwamba hayakuwa machozi ya rangi peke yake. Ile ilikuwa harufu ya amonia, na mimi naijua tangu nina miaka tisa, maana ndiyo iliyokuwa harufu ya buibui la shangazi yangu Zuhura kila arudipo kazini. Alilitundika msumarini nyuma ya mlango, nami nilikuwa nikipita hapo nalivuta karibu nalinusa, macho yakaniwasha, nikarudi tena. Sijui kwa nini watoto hupenda kujichoma na kitu kimoja mara mbili.

Tulikaa mtaa wa Timbwani, ng'ambo ya feri, watu watatu katika nyumba yenye ua mkubwa na kisima: Bibi, shangazi Zuhura, na mimi. Baba yangu, ambaye ni kaka yake shangazi, alikuwa baharia. Alikuwa akija akakaa majuma mawili, akaleta sabuni za nchi za watu, akaondoka. Mama yangu alikuwa akikaa Vanga. Alipoachana na Baba nilikuwa na miaka mitano, na siku aliyoondoka alinambia anakwenda kusalimia jamaa, atarudi Ijumaa. Ijumaa zikaja nyingi. Alipokuja hatimaye alikuwa na mume mwengine na mtoto mgongoni, akaniletea gauni lililokuwa dogo kwangu, kwa sababu yeye alinikumbuka kwa kimo nilichokuwa nacho aliponiacha.

Nasema haya ili mjue nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mtoto wa kuchunga watu. Mtu akivaa viatu, mimi nauliza wapi. Mtu akikunja nguo, mimi nahesabu ngapi. Chuoni mwalimu wetu wa Kurani alikuwa akiniuliza kama nimekalia siafu, maana makalio yangu hayakukaa mkekani; kila kishindo cha nje kilinifanya ninyanyuke nichungulie.

Na palikuwa na habari ya Riziki. Riziki alikuwa binti wa nyumba ya pili, akikunja mashuka katika hoteli moja upande wa Shelly Beach. Mwaka mmoja alinunua kaseti za kujifunzia Kijerumani. Sisi sote mtaani tulizisikia kupitia dirishani: sauti ya mwanamume inasema neno, kisha sauti ya Riziki inalirudia, kama mwana wa chuoni na mwalimu wake. Baada ya kaseti zikaja picha ndogo za pasipoti. Baada ya picha akaja mzungu mmoja mrefu, akala pilau kwao amekunja magoti mpaka kidevuni. Baada ya hapo Riziki hayupo. Mamake alikaa kibarazani majuma mengi, ukimwamkia akichelewa kuitika. Kwa hivyo sisi watoto wa mtaa ule tulikuwa na elimu moja ambayo hatukufunzwa na mtu: msichana akianza kujifunza lugha, anaondoka.

Shangazi Zuhura alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa bado hajaolewa. Posa mbili zilikuja, zote mbili akasema hapana, kwa adabu, lakini hapana. Alikuwa amesomea uchoraji wa kiufundi, msichana pekee katika darasa lake, na akaandikwa kazi Changamwe katika karakana iliyokuwa ikiunda matangi, mapaa ya chuma na ngazi za chuma. Lakini kuandikwa na kuchora ni vitu viwili. Wanaume wawili ndio waliokaa kwenye mbao za kuchorea. Yeye walimpa chumba cha kunakilia michoro, chumba kisicho na dirisha, palipokuwa na mashine iliyotoa nakala za buluu kwa mvuke wa amonia. Alirudi nyumbani macho mekundu. Usiku kifua chake kilipiga mluzi mwembamba, na mimi niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja niliusikiliza mluzi ule kama watu wengine wanavyosikiliza mvua. Uliniambia yupo.

Siku moja akaja na kitabu. Hakikuwa na jalada. Kilikuwa kurasa za fotokopi zilizotobolewa na kufungwa kwa uzi, na yeye akazizungushia gazeti. Tangu siku ile jioni zake zilibadilika. Hakusukwa tena kibarazani, hakwenda kumtembelea mtu. Alikaa mkekani na kitabu chake na daftari na penseli, akinong'ona: "Fungua. Fungua. Funga. Fungua. Funga, funga." Akikosea alifuta kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

"Shangazi, wasoma nini?" nikamuuliza.

"Nasoma lugha, mwanangu," akajibu bila ya kuinua kichwa.

Nikamsogelea. "Lugha ya wapi?"

Akafikiri, akacheka. "Hii haina kwao. Yakaa kwa mwenyeji wake. Bila ya mwenyeji haiwezi kusimama hata kidogo."

"Na ukishaijua?"

"Nikishaijua, mwenyeji atanifanyia nitakalo."

Basi. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mwenyeji huyo nilimwona wazi, mrefu, amekunja magoti. Hata zile fungua na funga nilizielewa: ndiyo maneno ya mwanzo anayofunzwa mke mgeni katika nyumba ya watu, fungua mlango, funga dirisha, kwao ni baridi.

Nikaanza kupekua. Katika mkoba wake nilikuta picha nne ndogo, uso umetazama mbele, hakuna tabasamu. Miaka mingi baadaye nilijua zilikuwa za kibali cha kuingilia bandarini, alikuwa ametumwa akapime ngazi ya ghala moja. Wakati ule nilijua ni za pasipoti, nikazirudisha mkobani. Nilianza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili nitazame kama viatu vyake vipo. Nikala vibaya. Nilikuwa nikizunguka ua, kisimani hadi jikoni, jikoni hadi mlangoni, mpaka Bibi akanikemea, "We mwana, hebu kaa! Wanitia kizunguzungu." Nilikaa kidogo, nikainuka tena. Sikuweza kumwambia mtu, kwa sababu nilihisi nikilitamka litakuwa.

Jumapili moja nikajikaza. Alikuwa anafua, mimi namwagia maji.

"Ni lini?" nikauliza.

Naye, ambaye kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu siku zile, hakuniuliza lini nini. Aliona ni kawaida kwamba dunia nzima inafikiri anachofikiri yeye.

"Alhamisi, inshallah," akasema. "Na yeye akikubali. Maana ana ukaidi huyo, kosa dogo tu ananuna. Niombee dua, mwanangu."

Nilimwombea. Niliomba kwa siku tatu mfululizo kwamba asikubali.

Jumatano aliporudi kutoka kazini akaenda kuoga. Mkoba wake uko kitandani. Ndani, kwenye bahasha ya kaki, nikakuta kitu bapa cha plastiki nyeusi chenye kipande cha bati upande mmoja. Nilijua ni nini. Ilikuwa kaseti, ya kisasa kuliko za Riziki, isiyo na matundu ya kuzungushia. Nikachukua kisu cha jikoni, nikaenda nayo nyuma ya choo, nikabandua lile bati, nikatia ncha ya kisu nikaipasua. Ndani palikuwa na duara jembamba la rangi ya hudhurungi, laini kama utepe wa kaseti, nami nikaona nimehakikisha. Nikalikunja mara mbili. Kila kitu nikakitupa chooni. Kisha, na hili ndilo linaloniaibisha hadi leo, nilikata kipande cha kadibodi cha boksi la majani ya chai, sawa na ile kaseti kwa ukubwa, nikakitia bahashani, nikaifunga kama ilivyokuwa. Hofu ilinipa akili ambayo hesabu za shuleni hazikupata kunipa.

Na bado sikutulia. Kaseti hununuliwa nyengine. Nikaenda jikoni kwa Bibi, aliyekuwa anachambua mchele.

"Bibi, kesho shangazi anakwenda Ulaya."

Vidole vyake vikasimama kwenye ungo. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Ajifunza lugha yao. Ana mwenyeji."

Bibi akavirudisha vidole kwenye mchele. Alimaliza mchele wake. Usiku ule hakumuuliza Zuhura neno, akala, akasali, akalala. Lakini asubuhi shangazi alipotoka chumbani alimkuta Bibi ameshavaa buibui, amekaa karibu na mlango, tasbihi mkononi.

"Zuhura."

"Abee, mama."

"Leo twaandamana."

"Wapi, mama?"

"Huko wendako."

"Mimi naenda kazini."

"Ikiwa ni kazini, nitaiona hiyo kazi."

Shangazi alitaka kusema kitu, akauona uso wa mamake, akachukua mkoba wake. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi sikuweza kuachwa peke yangu, kwa hivyo tukawa watatu. Tukavuka kwa feri, tukapanda basi hadi Changamwe, na njia nzima nilikuwa nikitazama nani anamtazama shangazi yangu.

Ofisi ya michoro ilikuwa juu ya karakana. Chini watu walikuwa wanakata vyuma, na ngazi tuliyopandia ilitetemeka miguuni. Harufu ya buibui lile ilitupokea kabla ya mtu yeyote. Aliyetukaribisha alikuwa Mtaita wa makamo, penseli sikioni, mkuu wa ofisi ile, Injinia Mwakio.

"Shikamoo, mama," akamwambia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutazama kazi ya binti yangu. Wazungu wako wapi?"

"Wazungu?" Injinia akageuka nyuma, kana kwamba labda wapo na yeye hajawaona. "Hapa hatuna mzungu, mama. Hapa ni sisi tu."

Bibi akaketi. Mimi nilibaki nimesimama.

Injinia akamgeukia shangazi. "Sawa, Zuhura, leo ndiyo leo. Mteja anakuja saa kumi, na ngazi ya tangi lake ameshaibadilisha mara tatu. Mashine ikiweza kumchorea hapa hapa, kiti hiki ni chako. Isipoweza, kompyuta hii nairudisha kwa mhasibu, na wewe utarudi kule." Akaelekeza penseli kwenye mlango wa chumba kile kisicho na dirisha.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa kilichoshonewa maua. Shangazi akakiondoa, akaiwasha, akafungua mkoba, akatoa bahasha. Akatia mkono. Akatoa kipande cha kadibodi chenye picha ya kikombe cha chai.

Alikigeuza. Akakigeuza tena. Akakung'uta bahasha, akamwaga mkoba mzima mezani: kitana, daftari, picha zile nne, kitambaa. Kisha mikono yake ikasimama, na polepole akanitazama mimi.

"Nimeitupa chooni," nikasema. Hakuna aliyeniuliza, ilitoka yenyewe. "Ili usende."

"Nisende wapi?"

"Kwa mzungu. Kwa mwenyeji wako."

Injinia Mwakio akaanza kucheka, akauona uso wa shangazi, akaacha. Shangazi aliketi kwenye kiti ambacho hakikuwa chake bado. Nilisikia kifua chake. Nilitamani anipige. Mtoto akipigwa anajua hesabu imekwisha. Yeye aliketi tu, mikono mapajani, anatazama kioo cha kompyuta.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. "Zuhura, nambia mimi mamako. Ni lugha gani hii?"

Akaeleza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeeleza habari za marehemu. Ndani ya kompyuta ile palikuwa na programu kubwa ya kuchorea. Iliundwa mbali, na watu wasioijua Changamwe wala ngazi zake. Inajua mstari, inajua duara, basi. Kuibadilisha huwezi, imefungwa. Lakini walioiunda walijua kwamba kila mtu ana kazi yake wasiyoijua wao, kwa hivyo wakaacha humo ndani lugha ndogo, na mwenye kuijua lugha ile anaweza kuifunza programu jambo jipya, ikalifanya kama kwamba ilizaliwa nalo. Peke yake lugha ile si kitu. Haiandiki barua, haipigi hesabu ya mshahara. Kazi yake ni kumfunza mwenyeji wake, yaani ile programu. Yeye alikuwa ameifunza ile programu kuchora ngazi. Unaipa kimo na idadi ya vidato, inachora yote, na ukibadilisha inachora upya. Mafunzo yote hayo yalikuwa kwenye disketi moja, kwa sababu hakuruhusiwa kuweka kitu chake ndani ya kompyuta ya ofisi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Na hayo uliyoandika, huwezi kuyaandika tena?"

"Yalinichukua mwezi mzima, mama."

"Sikukuuliza yalikuchukua muda gani."

Shangazi akalitazama daftari. "Yamo humu. Lakini yamevurugika, nimefutafuta..."

"Basi anza," akasema Bibi. Akanigeukia mimi, na sijasahau macho yale. "Na wewe uliyetupa, wewe utasoma."

Nikavuta stuli. Shangazi alikuwa si mwepesi wa kupiga chapa, na macho yake yalikuwa yanauma. Akiangalia daftari anapoteza kitufe, akiangalia vitufe anapoteza mstari. Kwa hivyo nilisoma mimi, herufi moja moja, maana maneno yenyewe hayakuwa maneno; palikuwa na moja lililoishia kwa herufi ya q nalo lilijirudia kama kiitikio. Na mabano! Kila kitu kilikuwa ndani ya mabano, na mabano ndani ya mabano mengine. Ndipo nilipojua fungua na funga zilikuwa za nini. Kila lililofunguliwa lazima lifungwe, shangazi akanambia, likibaki moja wazi mwenyeji hatasikia hata neno. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu aketi kwenye kiti kile, na aliyasema bila ya kunitazama.

"Fungua," nikasoma. "Fungua. Di, i, ef..."

Nyuma yetu nikasikia shanga zikigongana. Bibi alikuwa amevuta kiti karibu. Nikisema fungua, alisukuma ushanga mmoja mbele. Nikisema funga, aliurudisha mmoja nyuma. Hakuna aliyemwomba. Bibi hakusoma herufi za kizungu, alisoma Kurani na barua za Baba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini hesabu ya kwenda na kurudi aliijua vizuri kuliko sote.

Ikafika adhuhuri, Bibi akasali pembeni, tukaendelea. Wachoraji wale wawili wakaenda kula, wakarudi. Sikuinuka kwenye stuli ile. Miguu yangu ilikuwa ikicheza yenyewe chini ya meza, lakini kidole changu kilikaa kwenye mstari na hakikuteleza. Tulipofika mwisho shangazi akapiga kitufe, na mashine ikatoa mstari mmoja wa Kiingereza, ikanyamaza.

"Imekataa," akasema.

"Umebaki mmoja," akasema Bibi, ameshika ushanga kati ya vidole viwili. "Nilidhani ni mimi niliyekosea. Ni pale mwana alipokohoa."

Tukarudi pale nilipokohoa. Kweli, funga moja ilikuwa imeliwa na kikohozi. Shangazi akaiweka.

Safari hii mashine ilikubali. Katika kioo pakatokea neno, nami nikalisoma kwa sauti kabla ya kulielewa: "Kimo cha ngazi?"

Bibi akashtuka. "Yasema Kiswahili!"

"Nimeifunza mimi, mama. Yauliza kwa maneno niliyoipa." Akapiga tarakimu za kimo.

"Vidato vingapi?" nikasoma tena.

"Kumi na viwili," akajibu Bibi, akiijibu mashine, si sisi.

Na mistari ikaanza kujichora yenyewe, kidato baada ya kidato, nyeupe juu ya weusi. Ilikuwa ngazi kamili. Ila ilikuwa inakwenda chini, inaingia ardhini kama ya kuteremkia kisimani.

Nilisoma daftari lile tena kwa woga. Palikuwa na alama ya kutoa iliyogeuzwa kwa penseli ikawa ya kujumlisha. Mimi nilikuwa nimesoma iliyofutwa. Nikasema. Shangazi akabadilisha alama moja, na ngazi nzima ikageuka ikapanda juu. Nikamsikia akivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza siku ile akaniwekea mkono kichwani, kidogo tu, kisha akauondoa, kana kwamba amekumbuka nilichofanya.

Mteja alikuja saa kumi na robo. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Akasema kimo kipunguzwe. Ngazi ikachorwa upya. Akasema hapana, kirudishwe, lakini vidato viongezwe, ikachorwa upya. Wale wachoraji wawili walikuwa wamesimama nyuma, mikono kifuani. Mteja alipoondoka, Injinia Mwakio alitembea mpaka chumba cha kunakilia, akaufunga mlango wake ili harufu isije tulipokaa, akarudi.

"Jumatatu nitatafuta mtu mwengine wa mashine ile," akasema. "Zuhura, usiiache disketi mahali pa watoto."

Tuliporudi tulisimama kwenye feri upande wa upepo. Bibi alipata pa kukaa. Shangazi alishika chuma cha ukingoni, nami nikashika buibui lake, na alikuwa hajanisemesha tangu Changamwe.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema mwisho.

"Nilikuuliza. Ukasema Alhamisi."

Akafikiri. Niliona akikumbuka Jumapili ile, maji na nguo, na uso wake ukabadilika polepole. Akachutama hata akawa sawa nami, watu wakitupita.

"Ulidhani nitakwenda bila ya kukwambia?"

Kwenda bila ya kumwambia mtu ndiko kwenda pekee nilikokujua.

"Sendi popote," akasema.

"Sema wallahi."

Akafungua mdomo, akaufumba. Mtu mwengine yeyote angeapa. Mtoto anaapiwa yaishe. Shangazi yangu alikuwa mtu wa alama, hakupenda kuandika asicho na hakika nacho.

"Siapi," akasema. "Sijui mbele kuna nini. Lakini siku nikiwa nakwenda, nitakwambia wewe kwanza, kabla ya Bibi, kabla ya babako. Na hilo wallahi."

Halikunitosha. Nilirudi nyumbani bado nazunguka, bado naamka kuangalia viatu. Lakini usiku ule na nyingi zilizofuata nilisikiliza kifua chake, na baada ya miezi mluzi ule ukapungua, ingawa haukwisha kabisa. Alikaa kwenye kiti kile. Akaifunza ile programu matangi, akaifunza mapaa, na mara nyengine jioni alinipa daftari nimhesabie mabano, kwa sababu Bibi, alisema, anadai kulipwa kahawa kila akihesabu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipokuwa nimeinama kisimani asubuhi moja nikipiga mswaki, naye akaja akasimama karibu yangu, bado hajafunga kanga vizuri.

"Nimepata kazi Dar es Salaam," akasema. "Barua ilikuja jana. Hakuna mwengine ajuaye. Nimekuja kwako kwanza."

Povu lilikuwa mdomoni. Nililitema, nikasukutua, nikasukutua tena ingawa hapakuwa na haja. Yeye alisubiri. Hakuharakisha, hakueleza faida zake, hakusema atarudi Ijumaa.

"Nenda, shangazi," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa, akaingia ndani kumwambia mamake. Mimi nikabaki uani, nikakizunguka kisima mara sijui ngapi, mswaki mkononi, mpaka niliposikia sauti ya Bibi ikiniita nikapike chai.